Mchawi wa Kahawa: Mchezaji Mmoja Anapozidi Nguvu Mezani

Jumamosi moja magharibi ikikaribia nilimsindikiza binti mmoja hadi stejini Kitengela apande matatu ya kurudi kwao Kajiado. Alikuja kucheza nasi. Alikaa kwangu saa tatu na nusu, na kwa muda wote huo alitupa dadu mara mbili. Kabla hajapanda aliniambia, "Anko, nauli ni ile ile, nicheze nisicheze." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Mimi ni mtoto wa Kuze, Mombasa. Kazi ndiyo iliyonileta bara, na huu ni mwaka wa saba niko Kitengela. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri sebule yangu hugeuka baraza la Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka 1974. Si kama drafti, hauna mshindi. Mtu mmoja, na hapa kwetu ni mimi, husimulia ulimwengu: pana kijiji, pana pango, pana zimwi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, huyu mwizi, yule askari, yule mganga, naye husema mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa na shaka hutupwa dadu la pande 20, na kitabu cha sheria kikaamua. Kwa ufupi ni ngano za bibi, ila wasikilizaji wamo ndani ya ngano. Jirani mmoja, mama wa kwetu pwani, aliwahi kuniuliza kama nafundisha watoto wa watu uchawi. Nilimkaribisha aketi atazame. Alicheka mpaka jioni, na siku hizi hutuletea viazi karai.

Shida yetu ilikuwa mpwa wangu. Mhusika wake alizidi nguvu kupita kiasi, tena bila kuiba wala kudanganya. Alisoma kitabu kuliko mimi, basi.

Nieleze alivyofanya, maana ujanja wenyewe ni mtamu. Katika sheria za mwaka 2014 kuna mchawi wa mkataba, aliyepatana na kiumbe cha ghaibu ampe nguvu. Huyu akipumzika saa moja tu hurudishiwa mapigo yake ya uchawi. Kuna na mchawi wa kuzaliwa, ambaye lazima alale usiku ndipo arudishiwe, lakini yeye ana ruhusa ya kugeuza mapigo yawe pointi na pointi ziwe mapigo. Na kitabu kinakubali mhusika mmoja asomee fani zote mbili. Mpwa wangu alichukua ngazi 3 za fani ya kwanza na 2 za pili. Anapumzika saa moja, anapata mapigo 2, anayageuza pointi, pointi anazigeuza mapigo madogo 2 ya akiba, kisha anapumzika tena. Akiba hiyo hufutika mtu akilala usiku mzima. Dawa yake? Asilale. Wenzake wakikoroma saa 8, yeye anafikisha akiba ya mapigo 16. Usiku wa pili 32. Mchawi wa kawaida wa ngazi hiyo ya 5 ana mapigo 9 kwa siku nzima, ingawa mengine ni makubwa zaidi, na akiyamaliza ameyamaliza.

Wachezaji wa ng'ambo humwita mhusika huyu kwa jina la kahawa, kwa sababu anakesha. Nilipomuuliza mpwa wangu kama jambo hili ni halali, alinijibu, "Mjomba, ni halali, na ndiyo maana halali." Wallahi nilicheka. Na kucheka kwangu kuliniponza.

Nyote mnaijua sufuria ya Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani, akasema imezaa. Jirani akafurahi akapokea vyote viwili. Siku nyingine akaazima tena, na mara hii akaja mikono mitupu: sufuria imekufa. Jirani alipopiga kelele kwamba sufuria haifi, akaulizwa mbona alikubali kwamba inazaa. Mimi ndiye jirani yule. Siku ya kwanza mpwa wangu alipotoa akiba yake ya mapigo, kundi zima lilikuwa linakaribia kuangamia pangoni kwa sababu nilikuwa nimepima vibaya nguvu za mazimwi. Ujanja wake ulinusuru hadithi yangu, nikapokea kijisufuria. Mwezi uliofuata ningesemaje kwamba haiwezekani?

Kwa hivyo msimulizi mgeni asikie: mwanya wa sheria ukitokea, usiukubali papo hapo kwa sababu leo unakufaa. Sema, "Leo tuupitishe, nitaufikiria, Jumamosi ijayo nitawapa jibu." Maneno hayo yangeniokolea miezi miwili.

Tatizo la mianya ni kwamba mingi inatokana na kusoma sheria upande mmoja. Mfano unaojulikana duniani kote ni wa wakulima na rungu. Kitabu kinasema mzunguko mmoja wa pambano ni sekunde 6, na kila mtu anaweza kujitayarisha kupokea kitu na kumkabidhi wa pili. Haya, panga wakulima 2,000 kwa mstari, wapitishiane rungu. Limekwenda kama kilomita 3 kwa sekunde 6, upesi kuliko sauti, basi likitoka mkononi mwa wa mwisho litatoboa joka. Tazama walivyofanya. Njia nzima walishika sheria ya kitabu, walipofika mwisho wakaiacha wakadai fizikia. Mwongozo wa wasimulizi uliotoka mwaka 2024 umeligusa jambo hili waziwazi: sheria za mchezo si sheria za maumbile, na zinategemea wachezaji kuzisoma kwa nia njema.

Lakini nia njema si kukataza werevu, na hapa ndipo wasimulizi wengi wanakosea. Baada ya kuchomwa na mwanya mmoja, wanakataa kila wazo jipya.

Tunaoishi Kitengela tuna mfano wetu wa kweli. Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na simba hutoka huko wakaingia maboma ya Wamasai kuua ng'ombe. Richard Turere alikuwa mtoto wa hapa, kazi yake kuchunga ng'ombe wa babake. Alijaribu moto, haukufaa, ukawa unawamulikia simba njia. Akaweka sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja akazunguka na tochi akagundua simba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, sola na kisanduku cha indiketa ya pikipiki, akatengeneza taa zinazowaka na kuzima kwa zamu, simba wakadhani kuna mtu anazunguka boma. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED kule Marekani akiwaeleza watu hayo.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Wazo la Turere lilitoka kwa simba: alimtazama mnyama, akajua anaogopa nini. Ujanja wa mpwa wangu ulitoka kwenye sentensi ya ukurasani. Mchezaji akinijia na jambo, namuuliza mhusika wake anafanya nini hasa, kwa mikono yake, pale alipo. Akiweza kunieleza bila kutaja jina la sheria hata moja, mara nyingi nalikubali, hata kama litamwangusha zimwi langu kubwa niliyemwandaa wiki nzima. Akishindwa kueleza ila kwa kunionyesha aya, hapo nasita.

Na sasa mtaelewa uzito wa ile Jumamosi ya nauli. Hadithi yangu ya siku hiyo ilikuwa ya boma linaloshambuliwa na simba usiku. Niliitunga makusudi kwa ajili ya yule binti. Mhusika wake ni mwizi mwenye macho makali, na mwenyewe amekulia karibu na mifugo, anajua boma linavyofungwa na ng'ombe wanavyolia wakinusa hatari. Alikuja amejitayarisha. Kabla hajafungua mdomo, mpwa wangu alisimamisha mhusika wake langoni, akatoa mapigo 11, kila pigo mishale mitatu ya nuru isiyokosa shabaha. Simba wakaisha. Wenye boma wakashukuru. Tukawa tunatazamana.

Nilifanya makosa matatu kabla ya kupata njia. Kwanza niliongeza nguvu za maadui. Mpwa wangu akasimama vilevile, wenzake ndio walioanguka, kwani zimwi linalomtosha yeye linawameza wao. Pili nikaleta adui asiyedhurika kwa uchawi. Kila mtu mezani alijua nimemlenga nani, na hakuna aliyefurahi. La tatu ndilo baya zaidi: nilimkatalia mbele ya wenzake, katikati ya pambano. Alifunga kitabu, akasema kumbe sheria ni mimi. Alisema kweli, nami sikuwa na jibu.

Na ajabu ni kwamba dawa ya kitabuni ilikuwako. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017 kinasema anayepitisha saa 24 bila kulala hutupa dadu, akishindwa anaingiwa na uchovu, na kila siku asiyolala inakuwa ngumu kuliko iliyopita. Uchovu ukifika daraja la 6 mhusika anakufa. Ningeweza kumwekea ukurasa huo mbele yake nikanyamaza. Ningeshinda hoja nikabaki na kijana aliyenuna, ambaye wiki ya pili angeleta mwanya mwingine.

Badala yake tulitoka tukaenda kununua mandazi, sisi wawili, siku isiyokuwa ya mchezo. Sikuanza na sheria. Nilimuuliza kwa nini alimjenga mhusika huyu. Alitembea kidogo akanyamaza, kisha akasema, "Mjomba, nilipokuwa askari uliniua mara tatu."

Nilihesabu. Kweli, mara tatu. Mara ya pili ilikuwa kwa mtego ambao hakuna aliyeweza kuuona, niliuweka kwa sababu niliona kundi linakwenda upesi mno. Alikuwa na haki ya kuamini kwamba mezani kwangu anayesalimika ni yule tu asiyeweza kuguswa. Tangu siku hiyo, nikiona mhusika aliyezidi nguvu, jambo la kwanza huangalia mkono wangu mwenyewe.

Tulipatana kwa kutumia bao, kwa kuwa babu yake alitufundisha sote wawili. Bao lina kete 64 na mashimo 32, na kila upande una nyumba, shimo lenye ruhusa ambayo mengine hayana: kete ya mwisho ikikuangukia nyumbani unaweza kuchagua kusimama au kusafiri. Nguvu hiyo haijaharibu bao kwa karne zote hizi. Kwa nini? Kwa sababu nyumba yenyewe inaweza kuliwa, na mpinzani haachi kuiwinda. Nguvu yenye bei haiharibu mchezo. Mchawi wetu wa kahawa hakuwa na bei yoyote. Na jambo la pili la bao: watu wawili wasiojuana wakiketi, huulizana kwanza wanacheza vipi, kwani sheria za huku si lazima ziwe za kule. Sisi tulianza bila kuulizana.

Basi Jumamosi iliyofuata kabla ya dadu tulizungumza wote. Sheria ya uchovu inaanza leo, ila haitahesabu usiku uliopita. Mpwa wangu anaruhusiwa kukesha akitaka, lakini atalipa. Ujanja wowote utakaokubaliwa, maadui nao wanaruhusiwa kuutumia (hapo mianya miwili mitatu ilijifia yenyewe). Nami nikaahidi kwamba mtego wowote utakuwa na dalili ya kuonekana, na mhusika hafi kwa tupo moja la dadu bila mwenzake kupata nafasi ya kumwokoa. Kuna wanaozidi nguvu kwa bahati tu, kwa kuwa walitupa dadu vizuri siku ya kumuumba mhusika. Hilo ni rahisi: sote sasa tunatumia namba zile zile za kitabu, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, kila mtu azipange apendavyo.

Nilimpigia yule binti simu mwenyewe nikamwomba arudi. Nikarudisha boma, simba wengine, usiku mwingine. Mchawi alikuwa amekesha siku mbili, dadu likamkataa, akawa anasinzia ukutani. Binti alitaka vipande vya vioo, mienge miwili na mbuzi mmoja. Hakutaja sheria hata moja. Ilituchukua saa nzima na dadu nane, mbuzi aliponea chupuchupu, na mpwa wangu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote simba wa mwisho alipogeuka.

Juzi binti huyo kaja mapema kuliko wenzake, kabla sijatandika meza. Mkononi ana kitabu, ukurasa umekunjwa. "Anko," ananiambia, "hebu soma hapa. Haijaandikwa popote kwamba siwezi."

Nikamwambia aketi, tunywe chai kwanza.