Moshi Utafutiwe Njia

Katika nyumba nyingi za Majengo, Pumwani, chumba kimoja ndicho sebule, ndicho malazi, ndicho meko. Masizi darini na kuvu ukutani hutuonya kwamba moshi na mvuke vimekosa pa kutokea.

Dawa yake haihitaji umeme. Hewa ya moto hupanda. Basi tundu lililo juu, karibu na dari, hutoa moshi, na uwazi wa chini, hata mlango ulioachwa wazi, huingiza hewa safi. Tundu moja halitoshi, kwani hewa haitoki vyema pasipo nyingine kuingia. Nayo sufuria ifunikwe, mvuke upungue.

Ila tusidanganywe na makaa yaliyokolea. Moshi umekwisha, lakini kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, ingali yatoka. Baridi ya Julai tusilale na jiko ndani: hewa hiyo huua watu usingizini. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikizuka, tutoke nje sote upesi, kisha twende hospitali.

Dada zetu, anayemwomba mwenye nyumba atoboe ukuta haombi anasa. Aomba uhai wa wanawe.