Sahani ya jirani hairudi tupu

Ipo aibu niliyoificha kwa zaidi ya miaka thelathini, na leo nimeamua kuianika hadharani. Wengi wanaousoma ukurasa huu ni walimu wenzangu na wanafunzi, na hao ni watu ambao mwenye aibu hawezi kuwafichia mambo yake kwa muda mrefu.

Mwaka 1991, nikiwa kijana niliyehitimu juzi tu, nilipelekwa kufunza Kiswahili katika shule moja ya upili huko Kitui. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na kabla ya hapo sikuwa nimeishi mahali palipo mbali na bahari. Nikapewa nyumba ya vyumba viwili, jiko la mafuta ya taa, na jirani.

Jirani huyo alikuwa mama wa makamo aliyefunza katika shule ya msingi iliyopakana na yetu. Jioni ya siku yangu ya tatu alibisha hodi, akaniwekea mezani sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. "Karibu kwetu, Mwalimu," akasema, kisha akaenda zake. Ndani mlikuwa na muthokoi. Kwa asiyeujua, muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni kwa maji kidogo mpaka kumbi zikatoka, kisha yakachemshwa kwa muda mrefu pamoja na mbaazi au maharagwe. Nilikula mpaka nikaramba vidole. Asubuhi yake nikaiosha ile sahani, nikaipangusa, nikampelekea mwenyewe ikimetameta kwa usafi. Na tupu.

Juma lililofuata akaleta tena, nami nikairudisha vivyo hivyo. Hata mara ya tatu.

Huenda msomaji akauliza aibu iko wapi katika kurudisha chombo safi. Waliolelewa kwetu Mvita wameshaielewa. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Katika mwezi wa Ramadhani, dakika chache kabla ya magharibi, vichochoro vyetu vilijaa watoto waliobeba sahani zilizofunikwa kwa kawa: nyumba hii imepika tambi, ile ina kaimati, ya tatu ina muhogo wa nazi. Mimi mwenyewe nilikuwa tarishi hodari, na sikumbuki hata siku moja nikiambiwa nirudishe sahani bila kitu. Nyumba iliyokuwa haina cha kupika ilitia tende tatu, au ndimu mbili, au sukari kidogo iliyofungwa katika karatasi. Hakuna aliyepima kama kilichorudi kilitoshana na kilichokwenda.

Basi kwa nini nilimrudishia mama yule sahani tupu? Kwa sababu sikujua kupika chochote ambacho mtu mwingine angeweza kukila. Mwanamume wa rika langu alilelewa akiamini kwamba jiko lina wenyewe. Nilikula kutoka mikononi mwa mamangu na dada zangu kwa miaka ishirini na minne bila kujua chumvi hutiwa lini. Na hapa niseme jambo ambalo wasifu wa mapishi ya nyumbani hawapendi kulitaja: aghalabu anayesimulia utamu wake si yule aliyepuliza moto. Mamangu aliamka kabla ya alfajiri kukuna nazi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi kabla sisi hatujanawa nyuso. Sisi tuliita hiyo raha ya nyumbani.

Likizo ya Aprili nilipomsimulia habari ya jirani yangu, alifurahi sana, mpaka alipouliza nilimrudishia nini.

"Mara zote tatu?" akauliza.

"Mara zote tatu."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi huko wanafikiri huna mama."

Siku iliyofuata alinikalisha juu ya mbuzi, akanitilia nazi mkononi. Alisema atanifunza kitu kimoja tu, mbaazi za nazi, kwa kuwa mtu anayejua kitu kimoja vizuri hawezi kuaibika. Mbaazi hurowekwa usiku kucha, huchemshwa mpaka ziive kabisa, ndipo hutiwa tui jepesi, kitunguu, pilipili mbichi na manjano kidogo. Tui zito, lile la kasimele, huja mwisho, na hapo ndipo penye mtihani. Sharti ulikoroge bila kuacha mpaka lichemke, la sivyo hukatika, na mchuzi ukawa maji na mafuta yasiyojuana. Nilimuuliza tui hilo liwe vikombe vingapi. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la mzaha. "Tia mpaka zikubali," akasema. Mimi niliyezoea kuandaa masomo kwa malengo na dakika nilitaabika sana na kipimo hicho. Nililikata tui mara mbili, na mara zote mbili alikula kilichotoka bila kusema neno.

Nilirudi Kitui na kikapu cha nazi sita nilichokipakata njia nzima katika basi. Mbaazi sikuzibeba, kwa kuwa Ukambani ndiko zinakolimwa kwa wingi. Nilizinunua soko lile lile alikonunua jirani yangu. Nikapika, nikamimina katika sahani, nikabisha hodi. Alipofunua alicheka sana. "Mwalimu, hizi si nzuu zetu? Umezifanyia nini?" Akaonja papo hapo mlangoni, akawaita watoto wake, na mimi nikasimama pale kama mtahiniwa anayesubiri matokeo. Watoto waligombania upawa. Sijawahi kupata daraja iliyonifurahisha kuliko ile.

Tangu siku hiyo sahani haikukaa kwake wala kwangu. Mbegu ilikuwa moja. Yeye aliipika na mahindi, mimi kwa nazi. Na ukichunguza asili, wala hakuna kati yetu aliyekuwa na haki ya kujigamba. Mbaazi ilitoka Bara Hindi zamani sana. Mahindi asili yake ni Marekani, na Afrika haikuyajua kabla ya Wazungu kuvuka bahari ile. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kushukia Mombasa na Kilwa, alikirimiwa wali wa samli, vitoweo vya nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Aliyaeleza mapishi hayo kwa makini ya mtu aliyeshiba. Vyakula tunavyoviita vya kwetu vingi vililetwa na mgeni, na mtu fulani jikoni akakubali kuvijaribu.

Mamangu alifariki mwaka 1993. Niliporudi Kitui baada ya matanga, jirani yangu hakuleta sahani. Alileta sufuria nzima, akaiweka jikoni kwangu, kwa kuwa alijua walimu wenzangu watakuja jioni kunipa pole na mimi sitakuwa na cha kuwapa. Walikula wote. Alipoondoka hakuichukua ile sufuria, wala mimi sikuharakisha kuirudisha.

Dada zangu hubishana hadi leo kuhusu kiasi cha iliki alichotia mamangu katika mahamri, na hakuna wa kuwaamua. Hakuandika lolote. Kwangu mimi kilichobaki ni kile kitu kimoja. Ninapolikoroga tui, mkono wangu hufanya kama alivyofanya yeye, na hiyo si kumbukumbu niliyojitahidi kuihifadhi.

Ndiyo maana ninawauliza walimu wenzangu jinsi tunavyolichukulia jiko. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sayansi Kimu iliwekwa katika shule za msingi kwa wavulana na wasichana. Ilikuwa hatua njema, lakini wapo watoto wengi waliojua kutaja virutubishi vya yai kabla ya kujua kulichemsha. Mtaala wa umilisi nao umewarudisha watoto jikoni, na nimewasikia wazazi wakilalamikia gharama ya unga na mafuta. Malalamiko hayo nayaelewa. Ninachokitilia shaka ni zoezi ambalo mtoto anapika, anapigwa picha, anapewa alama, na chakula chenyewe hakuna anayeuliza kimeliwa na nani. Katika shule za bweni, siku ya wazazi, nimewaona wanafunzi ambao hawakufikiwa na mtu wakijifanya wanasoma darasani huku wenzao wakifungua vyombo vya chapati na kuku chini ya miti. Nimeona pia msichana mmoja akiondoka kwa wazazi wake, akaingia darasani, akatoka na wenzake wanne. Hakuna safu ya kuliandika jambo hilo katika ripoti za shule.

Sasa nimestaafu, naishi Nairobi katika jumba la ghorofa. Mwezi uliopita nilipika mbaazi nyingi kupita kiasi, nikapeleka sahani kwa nyumba inayotazamana na yangu. Kijana aliyefungua mlango, mwanafunzi wa chuo kikuu kwa jinsi nilivyomwona, aliitazama sahani, akanitazama na mimi, akauliza, "Ni pesa ngapi, mzee?" Nikamwambia si za kuuza. Akapokea kwa mashaka, akafunga mlango. Zikapita siku tisa. Nilisikia pikipiki zikimletea chakula usiku, nikajiambia kwamba sahani yangu imekwenda na maji.

Siku ya kumi akabisha hodi. Sahani ilikuwa mkononi, na juu yake mayai manne ya kuchemsha, moja limepasuka.

"Samahani nimechelewa, Mwalimu," akasema. "Nilimsimulia mamangu, akanikemea. Lakini mimi najua kupika haya tu."

Nilimkaribisha ndani. Mbaazi nilikuwa nimezisafisha tayari, na nikamwonyesha namna ya kuziroweka.