SOMO LA BUSTANI: SHAMBA LA KUKODI NA HESABU YA MIEZI

Fungueni madaftari yenu. Leo twazungumza na ninyi mnaolima mboga katika shamba la kukodi, na mfano wetu ni Nyangamara, mkoa wa Lindi.

Mwenye shamba lake hutazama mvua tu. Wewe uliyekodi hutazama mambo mawili: mvua, na siku ya kurudisha shamba. Mboga isiyokomaa siku hiyo yaweza kuwa ya mwenye shamba, na jasho lako likapotea.

Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Kisha kusi huvuma, na ardhi hukauka.

Wakati wa mvua
Inua matuta, maji yasisimame mizizini. Panda mchicha, bamia, kunde na matembele. Mchicha huchumwa baada ya majuma 3 au 4. Bamia baada ya miezi 2 hivi. Nyanya hushikwa upesi na ukungu wakati huu, basi afadhali ungoje.

Wakati wa kiangazi
Sasa lima bondeni, karibu na maji. Usiinue matuta, chimba vitanda vilivyoshuka kidogo, ili maji yakae. Tia samadi iliyooza vizuri, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, na umwagilie asubuhi mapema au jioni. Usipande nyanya mahali palipokuwa na nyanya, biringanya au pilipili, kwa sababu mimea hiyo ni jamaa moja, na ugonjwa wa mmoja hukaa udongoni ukaingia mwingine.

Tufanye hesabu
Umekodi tangu tarehe 1 Juni mpaka 31 Oktoba, yaani miezi 5. Mbegu za nyanya hukaa kitaluni karibu mwezi 1. Baada ya kuhamisha miche, wangoja miezi 2 au zaidi kidogo ndipo uanze kuchuma. Ukisia mapema Juni, utahamisha Julai, na utachuma Septemba na Oktoba. Lakini ukisia Agosti, nyanya zitaiva Novemba, nawe shamba umekwisha kulirudisha! Ikiwa umebakiwa na mwezi 1 tu, panda mchicha.

Mapatano
Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi sasa mwajua kuandika, andikeni. Andika majina ya wote wawili, mipaka ya shamba, siku ya kuanza na ya kumaliza, kodi, na ruhusa ya kuteka maji. Andika pia nani atachuma mazao yatakayobaki. Wekeni sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi na kiongozi wa kijiji. Kila mmoja awe na nakala yake, nawe udai stakabadhi kila ulipapo.

Usipande mkorosho wala mnazi katika shamba la kukodi. Kwa desturi ya pwani, mti ni wa aliyeupanda hata kama ardhi si yake. Mwenye shamba akiuona ataogopa kuwa wataka kumnyang'anya ardhi, na ugomvi utaanza.

Maswali
1. Kwa nini matuta ya masika si kama vitanda vya kiangazi?
2. Umekodi tangu 1 Julai mpaka 30 Septemba. Je, utapanda nyanya? Onyesha hesabu yako.
3. Andika mapatano mafupi ya kukodi bustani.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.