Mchumba Mwenye Jicho Moja

Jongeeni, wapwa zangu. Mmoja wenu ameniuliza: "Mjomba, viumbe wadogo kabisa nao hupendana?" Swali tamu hilo! Kuuliza si ujinga, basi sikilizeni.

Baharini kuna kiumbe aitwaye kopepodi, wa ukoo mmoja na kamba na kaa. Ni mdogo, mdogo, mdogo: urefu wake milimita moja hivi. Ana vipapasio virefu na jicho moja tu. Jicho lenyewe hujua mwanga na giza, basi. Sura halioni.

"Sasa, mjomba, atampendaje asiyemwona?"

Ehee! Watu husema ukipenda, chongo huita kengeza. Hapa chongo ni bwana harusi mwenyewe! Mwacheni aseme:

"Mimi ni dume wa kopepodi aina ya Temora, kwetu Atlantiki ya Kaskazini. Nilikuwa najilia vimwani vyangu. Mara maji yakanukia! Pua sina, nanusa kwa vipapasio. Kapita! Kapita hapa binti, sasa hivi! Chakula nikakisahau. Nikatoka mbio. Alipopinda, nami nikapinda. Aliporuka, nami nikaruka."

"Harufu hukaa majini, mjomba?"

Hukaa, ila haidumu. Mama akikaanga maandazi uani, wewe huifuata harufu hata ukiwa umefumba macho. Ikififia, wajua umekosea njia. Kopepodi naye ni vivyo hivyo. Pengine mahaba humpeleka kusikokuwa, akakimbilia binti alikotoka. Harufu ikififia, hugeuka palepale, akaanza upya. Haoni haya!

"Mjomba, nani aliyaona hayo?"

Wanasayansi wa Marekani waliwapiga picha za video ndani ya tangi la maji, wakatangaza matokeo mwaka 1998. Waliona dume akifuata njia ya harufu yenye umri wa sekunde kama 10. Waliona akiifuata kwa zaidi ya sentimita 10. Kwa mwili wa milimita moja, hiyo ni safari ya mara mia ya urefu wake!

"Na akimfikia?"

Humkamata kwa kipapasio chenye kiungo kama kiwiko. Binti akikataa, huchomoka akaenda zake. Akikubali, hutaga mayai majini, na wadogo huanguliwa, wengi, wengi, wengi. Ndugu zao wamejaa hata katika bahari yetu, na dagaa huwala hao. Kwa hiyo leo jioni, dagaa wakiletwa mezani, msiulize tu nani kawapika. Ulizeni pia walishibishwa na nani.