"Chemba" ni wapi?

Mama mmoja wa darasa letu la jioni alimdai mnunuzi fedha za mahindi. Kesi ilikuwa Mahakama ya Wilaya. Akaletewa samansi, akaisoma mwenyewe: afike saa 3 asubuhi, kesi itatajwa chemba.

Alifika mapema, akakaa kwenye benchi ndani ya ukumbi mkubwa. Akangoja mpaka adhuhuri. Kumbe jina lake lilikwisha kuitwa kwenye chumba cha nyuma, na kesi imefutwa kwa sababu mdai hakuonekana! Herufi zote alizijua. Neno ndilo hakulijua.

Basi tulitazame. Neno mahakama limetoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa hakimu na hukumu. Wazee wengi bado husema korti. Mahakama ni chombo chenyewe kinachoamua, na pia ni jengo lake. Ndani ya jengo kuna chumba cha mahakama, au ukumbi wa mahakama. Hapo utaona meza ya hakimu imeinuliwa juu, kizimba, na mabenchi ya wananchi. Kesi ikisikilizwa hapo, husemwa iko mahakama ya wazi. Hata wewe usiye na kesi waweza kuingia ukasikiliza, mradi unyamaze.

Chemba ni kitu kingine. Ni ofisi ya hakimu au jaji. (Si chemba ya maji machafu, wala si Wilaya ya Chemba kule Dodoma!) Humo huingia wenye shauri na mawakili wao tu. Mara nyingi ni kwa maombi madogo madogo, au kesi kutajwa ili ipangiwe siku. Kesi za watoto nazo husikilizwa faragha, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Faragha hiyo ni ya kumlinda mtoto. Usidhani kila mlango uliofungwa una rushwa nyuma yake.

Kwa hiyo ukifika, usikimbilie benchi. Mwonyeshe karani samansi yako, umwulize: "Ni kwa hakimu gani, na chumba gani?" Kisha kaa karibu na mlango huo, maana majina huitwa mlangoni. Ukitaka kwenda kujisaidia, mwachie mwenzako neno.

Yule mama tulimsaidia kuandika maombi ya kuirudisha kesi, akaeleza kuwa siku ile alikuwapo, ila alikaa chumba kingine.