Daluga, jezi na nauli: bei ya kipaji Meru na Embu

Kwa wauza vifaa vya michezo Meru na Embu, muhula wa pili ndio msimu wa mavuno: soka, voliboli na netiboli kwa mpigo. Daluga mpya zinabeba ushuru na VAT ya asilimia 16, kwa hiyo wazazi wengi huishia kwenye mitumba ya Gakoromone. Pale jozi hugeuzwageuzwa, soli ikakunjwa kuona kama gundi imeshika, kisha ikapelekwa kwa fundi ishonwe pembeni kabla haijakanyaga uwanja. Mtoto huvaa namba iliyopatikana. Ikiwa kubwa, anaongeza soksi.

Mfanyabiashara mmoja wa Embu mjini analalamikia shule kuliko wazazi. Anasema shule huchukua mipira na jezi kwa mkopo, kwa ahadi ya kulipa pesa za serikali zikiingia. Zinachelewa, na zikifika, wa kwanza kulipwa ni aliyeleta mahindi na maharagwe. Siku hizi anadai nusu taslimu, na shule ndogo za kutwa upande wa Mbeere zimeacha kumjia. Pesa yake ikilala shuleni, hawezi kwenda Nairobi kuleta mzigo mwingine, na bidhaa zilizobaki dukani hupanda bei. Kwa hesabu yake, mwenye kubeba gharama ya kuchelewa huko ni mzazi.

Afisa mmoja wa elimu anajibu kwa takwimu: Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, fungu la michezo likiwa humo. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilikiri kwamba uwezo wake ni takriban Sh16,900. Fungu la michezo lililofika uwanjani, afisa huyo hakulitaja. Mfuko wa kitaifa wa michezo nao, ulioanzishwa 2018 kwa kodi za kamari, walimu wa Igembe wanasema wanausikia redioni tu.

Daluga zikipatikana, nauli inangoja. Kanda ya Mashariki inaanzia Marsabit hadi Makueni. Timu ya Maua, Meru, ikifuzu kwa mashindano ya kanda yaweza kutumwa Wote, Makueni, na basi, malazi na chakula vyote vinahitaji pesa. Hapo mchango huitishwa. Mwalimu mmoja wa michezo anakiri kwamba winga hodari ambaye mamake anachuma majani chai huachwa, kiti chake kikachukuliwa na aliyelipa. Huu ni uonevu, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Wauzaji wanaitazamia AFCON ya 2027, ambayo Kenya itaandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Huenda jezi zikauzika. Lakini uwanja wa Kinoru, Meru, ulikarabatiwa kwa ajili ya CHAN ya 2018, Kenya ikapokonywa mashindano. CHAN ilipokuja 2025, mechi za Kenya zilichezwa Nairobi.

Badala ya kusubiri AFCON, fungu la michezo litumwe kabla ya muhula wa pili kuanza, na nauli ya mashindano isiwe mzigo wa mzazi.