Ukitaka hema la familia, hesabu kwanza wanaolala

Wiki hii naweka kando mambo ya mabaraza na vikao ili nijibu barua moja tu. Barua yenyewe imetoka Munanila, wilayani Buhigwe, na aliyeiandika ni baba wa watoto watano. Anaeleza kwamba shamba la nyumbani lilikwisha kugawanywa kwake na kwa kaka zake hata halitoshi tena kulisha nyumba. Kwa hiyo kila mwaka yeye, mkewe na watoto huteremka mabondeni kulima mahindi na maharage, nao hukaa huko wiki tatu hadi nne wakati wa kupanda, na tena wakati wa kuvuna. Msimu uliopita kibanda chao cha nyasi kilivuja usiku kucha, na mtoto wa mwisho alirudi nyumbani akiwa na homa ya mapafu. Sasa ameona dukani mjini Kigoma hema linalojifungua lenyewe ukilirusha hewani. Muuzaji amemwambia ni la watu wanne, na kwamba watoto hawahesabiki. Anauliza: ninunue?

Jibu fupi ni hapana, asinunue hilo. Jibu refu ndilo mazungumzo yetu ya leo, kwani najua hayuko peke yake. Vilima vya Buhigwe na Kasulu vina watu wengi na ardhi yake imechoka, na kulima mbali na nyumbani ni jambo la siku nyingi kwetu. Wazee watakumbuka Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, wakati watu walipohamishiwa katika vijiji vipya na wengine wakajikuta mashamba na migomba yao imebaki nyuma, mwendo mrefu kutoka mlangoni. Tangu hapo, na hata kabla ya hapo, kibanda cha shambani kimekuwa nyumba ya pili ya Muha. (Habari ya watoto kukosa masomo wiki nne ni nzito, nayo nitaitengea siku yake.)

Wenzetu wa Marekani na Ulaya nao wana tatizo la kuchagua nyumba ya muda, ingawa wao wanakwenda mapumzikoni. Wana kigari cha kukokotwa nyuma ya motokaa ambacho ukikifungua paa huinuka, kuta za turubai hutanuka, na vitanda huchomoza pande zote mbili. Kwetu mara moja moja utaona watalii wakipita na hema limefungwa juu ya paa la Land Cruiser. Ni vitu vizuri, lakini vinahitaji gari, na barua niliyonayo haitaji gari popote. Inataja baiskeli mbili. Hata hivyo wanaonunua vigari vile hujiuliza jambo ambalo sisi tunalisahau: usiku, kila mtu akiwa amelala, nani atakuwa wapi?

Tuanzie hapo. Hema likiandikwa kuwa ni la watu wanne, maana yake ni watu wanne waliolala bega kwa bega kama dagaa, bila gunia la mbegu, bila sufuria, bila jembe, bila nguo za kubadilisha. Ondoa wawili katika kila idadi unayoambiwa na muuzaji, nawe utakuwa karibu na ukweli. Mashirika ya misaada, ambayo yamelaza watu wengi mahemani kuliko mtu mwingine yeyote, hutumia kipimo cha mita za mraba 3 na nusu kwa kila mtu kuwa ndicho cha chini. Hema la familia la UNHCR lina sakafu ya mita za mraba 16, na ukijumlisha vibaraza vyake viwili unapata 23. Hema hilo limekusudiwa watu watano. Sasa ndugu yangu wa Munanila, ninyi mko saba.

Sisi wa Kigoma tumeyaona mahema hayo kwa macho yetu kuliko mikoa mingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015 Warundi walipomiminika kupitia Kagunga, na meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, Nyarugusu ilifurika na Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Aliyetembelea kambi hizo alijifunza kwamba hema si nyumba. Lile la UNHCR, imara kama lilivyo, limetengenezwa kustahimili jua na mvua kwa mwaka mmoja hivi. Jua la kwetu hula kitambaa polepole, na siku moja unavuta kamba, kona inabaki mkononi. Hilo la kurusha hewani, lenye kitambaa chepesi kama cha mwavuli, usilitarajie hata kidogo kulingana na hilo.

Ubaya wa hema la kurusha hauishii katika udogo. Mifupa yake ni vyuma vyembamba au nyuzi ngumu zilizopindwa kama upinde, na upepo wa kuanza kwa mvua huulaza chini. Kulikunja ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Wengi hulishindwa asubuhi ya kwanza. Likikunjwa linakuwa duara pana kama ungo mkubwa, ambalo kwenye baiskeli linashika upepo na kugonga magoti. Aghalabu lina kitambaa kimoja tu. Watu saba wakipumua ndani ya kitambaa kimoja kisichopitisha hewa, alfajiri utakuta matone yanadondoka kutoka juu, nawe utadhani linavuja. Yale ni maji yenu wenyewe, pumzi na jasho. Hema zuri lina ngozi mbili zilizoachana kidogo: ya nje inazuia mvua, ya ndani inaacha pumzi ipite.

Muuzaji akikuonyesha lebo, tafuta namba yenye herufi mm pembeni, mathalani 1000, 1500 au 3000. Wengi hudhani ni vipimo vya ukubwa. La hasha. Ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuibeba kabla tone la kwanza halijapenya. 1500 ni maji ya kimo cha mita moja na nusu. Watengenezaji wengi huichukua namba hiyo kuwa ndio mwanzo wa kuliita hema kinga ya mvua. Kwa mvua zetu, zinazoanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, mimi ningetaka 3000, na sakafu iwe na namba kubwa kuliko paa, maana goti la mtu aliyepiga magoti linasukuma maji ya ardhini kwa nguvu kuliko mvua inavyosukuma kutoka juu. Kama lebo haina namba yoyote, basi muuzaji anakuuzia rangi.

Yapo mahema ya turubai la pamba, mazito, kama yale ya wanajeshi na wapima ardhi wa zamani. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba vitundu, na ndani hakuna joto la kukosesha usingizi. Ningeyasifu zaidi kama si uzito: hema la familia la aina hiyo hufika kilo 50, na likifungwa bichi huota ukungu na kuoza. Mwenye punda au pikapu ya kukodi alifikirie. Mwenye baiskeli mbili zilizokwisha beba mbegu, sufuria na mtoto mdogo, sidhani.

Ndiyo sababu namshauri ndugu yetu asinunue hema kabisa kwa mwaka huu wa kwanza, bali anunue maturubai mawili mazuri ya plastiki iliyofumwa, yale ambayo wengi wetu huyaita shitingi, ya mita 4 kwa 5. Tupige hesabu. Turubai moja likilazwa juu ya mti wa katikati ulioinuliwa mita moja na nusu, ule upande wa mita 5 ukigawanyika pande mbili, linafunika ardhi mita 4 kwa 4. Hizo ni mita za mraba 16, sawasawa na sakafu ya hema la UNHCR. Watu saba wakilala kwa mstari, kila mmoja akipata sentimeta 55, wanaenea katika mita 4, na miguuni panabaki nafasi ya magunia. Ni nafasi finyu kwa miezi, lakini kwa wiki tatu wanaofahamiana watavumiliana. Turubai la pili unalikata: sehemu ya kutandika chini, sehemu ya kuziba ncha moja inayoelekea upepo. Miti ya kusimamishia wachukue mianzi au mikaratusi yao wenyewe kutoka nyumbani; kwenda kukata msitu wa hifadhi ni kutafuta kesi.

Turubai nalo lina siri zake. Linyanyue dhidi ya jua: ukiona vitundu vya mwanga kama nyota, liache hapo hapo. Mazuri yana nyuzi nyeusi katikati zinazozuia mwanga, na mikanda minene pembezoni pale matundu ya kamba yalipo. Likunje kwa nguvu, ulipige kwa ukucha kwenye mkunjo. Likipasuka rangi, jua limekwisha lila dukani. Na likiwa na nembo ya UNHCR, usinunue hata likiwa nusu ya bei. Hilo ni paa la mtu, na kwa kulitoa sokoni kuna familia kambini iliyobaki na mvua kichwani. Halafu akina mama watanisaidia katika hili: turubai la paa lisitumike kupigia maharage. Fimbo hutoboa matundu ambayo huyaoni mchana, ila usiku wa mvua utayahesabu yote. Tengeni kipande cha zamani kwa kazi hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo barua haikuliuliza, nalo ndilo lililonifanya niipe nafasi yote hii. Mwandishi anasema hema litawasaidia kwa sababu wataweza kuingiza jiko la mkaa ndani usiku wa baridi, na mtoto hataugua tena. Ndugu yangu, tafadhali usifanye hivyo. Mkaa unapoungua mahali palipofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huingia katika damu na kukalia nafasi ya hewa safi. Mtu huanza kuumwa kichwa, hulegea, husinzia, na aliyekwisha lala haamki. Nyumba ya matofali mabichi na nyasi ina nyufa nyingi; hema zuri lisilopitisha maji halipitishi hewa pia, na kadiri lilivyo zuri ndivyo jiko linavyozidi kuwa hatari ndani yake. Pikeni nje, kaangeni mawe kama wafanyavyo wazee mkipenda kuota moto, lakini jiko lilale nje. Pesa iliyobaki baada ya kuachana na lile hema inunue mablanketi mazito na kitu cha kutandika chini ya migongo, kwani baridi kubwa hutoka ardhini. Hata mabua makavu chini ya turubai yanafaa.

Chandarua chenye dawa msikisahau nyumbani. Huko mabondeni mbu ni wengi kuliko milimani, na watoto waliozoea baridi ya Munanila hawana kinga ya malaria kama watoto wa huko. Kimo cha mita moja na nusu kinatosha kutundika vyandarua viwili katikati. Hema lile la kurusha, nililoliona kwa mwenye duka, halikuniacha hata niketi wima.

Mahali pa kulisimamisha pawe na mteremko mdogo, si bondeni penyewe wala chini ya mti mrefu ulio peke yake. Habari za radi watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa nami. Chimbeni mfereji wa kina cha kiganja upande wa juu, maji yapite pembeni. Na kabla hamjafunga safari, lisimamisheni uani hapo hapo nyumbani, mlale humo wote saba usiku mmoja wa mvua, jirani akiwa karibu na mlango wa nyumba ukiwa wazi.